Nilinunua ndege mbovu Toi kwa 1,200. Acheni kuniuliza itanilisha vipi

"Hiyo nayo itakulisha?"

Mathe aliniuliza hivyo Jumapili moja mwezi wa tatu, akiwa amesimama mlangoni mwa keja yangu hapa Kawangware, mkoba bado uko begani. Kitandani hapakuwa na nafasi ya kuketi. Palikuwa na ndege. Si picha ya ndege, si kidude cha plastiki cha kununulia mtoto, bali ndege ya mita moja na nusu kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa. Nilikuwa nimeivua ngozi yote, mbavu za mbao ziko nje kama kuku aliyekwisha kuliwa.

Nilicheka kidogo nikampisha kiti. Sikuwa na jibu. Nimekaa na lile swali miezi kadhaa, na leo nataka kulijibu hapa kwa sababu najua si mathe wangu peke yake anayeliuliza. Kama wewe ni kijana na unapenda kitu chochote kisicho na malipo mwisho wa mwezi, hilo swali umelisikia. Pengine unajiuliza mwenyewe usiku.

Ndege yenyewe niliipata Toi mwezi wa pili, kwa jamaa anayeuza vitu vya watu wanaohama: feni, toasta, viti, vitabu vya mapishi. Alikuwa ameining'iniza kwa kamba juu ya kibanda kama pambo. Akaniambia 2,000. Nikamwambia bawa moja lina shimo. Akasema ndiyo maana si 5,000. Tukamalizana kwa 1,200 na akanitupia redio yake bure kwa sababu, kwa maneno yake, "hiyo haishiki stesheni yoyote."

Ilikuwa transmita ya kuiendeshea ndege, ile ya zamani ya 35 MHz yenye antena ndefu. Jamaa alijaribu kutafuta taarifa ya saa saba akakosa.

Mimi si injinia, hilo nitangulize. Nilisomea diploma ya umeme katika chuo kimoja hapa jijini kwa mihula mitatu, halafu karo ikashinda familia. Na nikiwa mkweli, mimi pia nilikuwa nimechoka. Katika ile mihula mitatu nilishika chuma cha solda mara mbili. Meza moja, watu kumi na wanane, mmoja anachoma waya na wengine tunaandika "observation" kwenye daftari. Mtihani nilipita, tena vizuri. Lakini ungenipa redio iliyokufa nikufungulie, ningetetemeka.

Siku hizi naandika blogu, napiga picha za harusi wikendi, na kazi ndogondogo za mtandaoni zikitokea nazishika. Kwa hivyo nilipobeba ile ndege kichwani kutoka Toi, watu wakinipisha njia kama nimebeba jeneza, sikuwa na mpango wowote. Niliipenda tu.

Sasa, hii haikuwa ndege ya kujifunzia. Ile ya wanaoanza huwa na bawa bapa upande wa chini na ncha zimeinuka kidogo, ukiachilia vidhibiti inajinyoosha. Hii ni ya sarakasi za angani. Bawa lake lina umbo sawa juu na chini na limenyooka kama rula. Inaruka kichwa chini karibu sawa na inavyoruka ikiwa imesimama vizuri, na ukiiinamisha upande inabaki hapo hapo hadi uirudishe wewe. Haikusaidii chochote.

Nilianza na betri. Ndani kulikuwa na ile ya nikeli na kadmiamu, seli nne, volti 4.8, na ilikuwa imevuja zamani. Unga wa kijani kila mahali. Nikajiambia nitakata kipande cha waya kilichooza niunge kingine, kazi ya dakika tano. Nikakata sentimita mbili, shaba ndani ni nyeusi. Nikakata tano, nyeusi. Ule uozo hutembea ndani ya waya, chini ya plastiki, mpaka kwenye swichi. Kwa nje waya ulikuwa unang'aa mzuri kabisa. Niliutupa wote, na swichi pia.

Kisha nikavuta kila bawaba kwa vidole. Kati ya bawaba kumi na nne, mbili zilitoka mkononi kama jino bovu. Hizo ndizo hushikilia vibao vinavyoigeuza ndege. Kibao kikitoka angani huna ndege tena, una jiwe la kilo mbili na nusu.

Ubao wa mbele, pale injini inapofungwa, ulikuwa umelowa mafuta ya miaka. Epoksi haishiki mbao yenye mafuta. Nilijifunza hivyo kwa kuibandika nikaona inabanduka kama magamba. Ikabidi nirudi nyuma: spiriti, halafu pouda ya mtoto ifyonze, nipanguse, tena spiriti, tena pouda. Siku nne. Keja ilinuka kliniki.

Ngozi ya ndege kama hizi huwa ni filamu maalum unayoibandika na kuivuta kwa joto la pasi. Ya kuagiza nje ni ghali. Lakini filamu ya laminesheni, ile nyembamba ya roli, hushika mbao kwa pasi vilevile, na wenye mchezo huu nchi nyingine wameitumia miaka mingi. Ile nene ya kulaminetia vitambulisho usiiguse, ni nzito. Nilizunguka maduka ya vifaa vya ofisi huku River Road nikiomba "roli nyembamba kabisa uliyo nayo" hadi mama mmoja akaniuliza nalamineti nini. Nikamwambia ndege. Akanipunguzia mia.

Halafu ikaja injini. Ilikuwa ya methanoli, sisi 7.5, na ilikuwa imeganda tuli. Mafuta ya nyonyo yanayotumika kulainisha injini hizi yakikaa miaka hugeuka gundi. Dawa ni joto. Niliibeba hadi saluni ya dadangu, tukaipuliza kwa drai ya nywele huku wateja wakicheka, na baada ya dakika kumi ikalegea ikazunguka. Nilipiga kelele kama nimefunga bao.

Furaha ikaishia kwenye duka la kemikali. Niliuliza methanoli, jamaa akaniangalia kutoka juu hadi chini, nikakumbuka ninaishi wapi. Katika nchi hii methanoli si mafuta ya ndege. Ni kitu kilichoua watu na kuwapofusha wengine kwenye pombe, ile kumi kumi ya mwaka 2000, na tena 2014 huko Embu, Kitui, Makueni na Kiambu. Kijana wa Kawangware akipatikana na mtungi wa lita tano za methanoli, ni askari yupi ataamini hadithi ya ndege? Na hata akiamini, ploti yetu ina watoto zaidi ya kumi wanaofungua kila mtungi. Nikaamua ndege itatumia umeme. Injini nikaiuza kwa mzee mmoja mstaafu aliye na mchezo huu tangu zamani, na nitamrudia huyo mzee hapa chini.

Hesabu niiweke wazi, kwa sababu nimechoka kusikia huu ni mchezo wa watoto wa Karen. Ndege 1,200. Redio ya mtumba ya 2.4 GHz pamoja na risiva 5,500. Mota isiyo na brashi na kidhibiti kasi chake 5,800. Betri ya lithiamu ya seli nne 4,500. Chaja 2,000. Gundi, vipande vya mbao ya balsa na plaiwudi 1,900. Filamu 1,400. Propela mbili 1,200. Jumla 23,500. Injini niliuza 6,500. Kwa hivyo nimetoa 17,000 kwa miezi saba, chini ya 2,500 kwa mwezi. Servo moja ya bawa ilikuwa imevunjika meno, nikahamisha ile iliyokuwa ya kuongeza mafuta kwa injini kwa sababu haikuwa na kazi tena. Hapo hela haikutoka.

Ndiyo, 17,000 ni pesa. Lakini mtaani kwetu kuna maboyz wanaochoma 2,500 kwa wiki kwa mikeka ya kubeti, na hakuna mtu huwauliza kama mkeka utawalisha. Wao huitwa wanajaribu bahati. Mimi huitwa nimechanganyikiwa.

Na hapa ndipo nataka tuongee kwa ukweli. Kizazi chetu kimefunzwa kwamba kijana asiye na kazi hana haki ya kucheza. Ukianza kuoka keki, utauza lini? Ukianza kuchora, bei ni ngapi? Ukianza kukimbia asubuhi, mbona usiwe mkufunzi ulipwe? Kila kitu kinatakiwa kizae kabla mwezi haujaisha. Matokeo yake tunachagua tu vitu vinavyoahidi pesa haraka: kubeti, kozi za forex za mtu wa Instagram, kununua na kuuza viatu walivyouza wengine. Hakuna anayeanza kitu cha miezi saba.

Lakini ufundi wowote wa maana una kipindi kirefu ambacho haulipi. Zamani mtu alibebwa katika kipindi hicho. Fundi alimchukua mwanafunzi akamlisha. Chuo kilikuwa na ruzuku. Babu alikuwa na shamba la kurudia. Sisi hatubebwi na mtu. Sasa niambie, mtu atakaa vipi siku nne akifuta mafuta kwenye ubao wa kiganja kimoja, bila malipo, bila maksi, bila mwalimu wa kumwogopa? Atakaa kama anacheza. Sijaona njia nyingine. Mchezo ndiyo namna pekee iliyobaki ya maskini kujisomesha polepole.

Na wala si jambo geni. Phil Kraft, Mmarekani aliyeshinda ubingwa wa dunia wa ndege hizi za sarakasi mwaka 1967, ndiye huyo huyo aliyekuwa na kampuni ya kutengeneza redio za kuziendesha. Mchezo na kazi vililala nyumba moja. Lakini ninavyojua mimi, huwezi kuanza na kampuni ukaishia kupenda. Hufuatana kwa ule mpangilio mwingine.

Sasa nisijifanye malaika. Mathe hakukosea kuuliza. Mwezi wa sita nilikosa 1,500 ya kodi, na dadangu akanijazia kutoka kwa pesa ya saluni. Wiki hiyo hiyo betri yangu ya 4,500 ilikuwa imefika. Hakuniuliza chochote, alituma tu M-Pesa na ujumbe, "lipa keja." Niliona aibu, na bado naiona. Kwa hivyo msomaji, sisemi uache kula ununue servo. Nasema kama una elfu mbili zinazopotea bila kujua zilienda wapi, zipe kitu kinachokudai uwe makini. Na kodi itangulie.

Jambo la pili nililojifunza lilinivunja kiburi, na ndilo hasa lililonifanya niandike.

Kufikia mwezi wa tisa ndege ilikuwa tayari. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kuiendesha kwenye laptopu miezi miwili, nikaangusha ndege za kompyuta pengine mara mia mbili. Kila kitu nilikuwa nimejifunza YouTube. Nilijisikia profesa. Lakini anga ina wenyewe. Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA, ndiyo huisimamia, na jiji hili lina Wilson na JKIA. Huwezi kusimama kwa uwanja wa shule ukarusha kitu cha kilo 2.4 juu ya mabati ya watu. Nikampigia yule mzee aliyenunua injini, akaniambia kuna mahali nje ya mji ambapo yeye na wenzake hurushia kwa ruhusa, nije Jumamosi.

Nilifika nikiwa nimevaa vizuri. Mzee hakunisalimia sana. Aliinua ndege kwa vidole viwili chini ya mabawa, sentimita nane nyuma ya ukingo wa mbele, akaona imelala sawa, akatikisa kichwa kwamba ni sawa. Akaniambia niende hatua thelathini na redio ikiwa kwa nguvu ndogo, tuone kama inashika. Ikashika. Halafu akasimama nyuma ya mkia.

"Kijana, sukuma kijiti kulia."

Nikasukuma. Vibao vya mabawa vikasogea.

"Umeona nini?"

"Inafanya kazi, mzee."

"Sijakuuliza kama inafanya kazi. Nimekuuliza umeona nini."

Nikaangalia tena. Kibao cha bawa la kulia kilikuwa kimeshuka. Cha kushoto kimepanda. Ukitaka ndege iinamie kulia, cha kulia ndicho hupanda. Yangu ilikuwa kinyume. Ningeirusha, ingeanza kuinama, ningesukuma kuirudisha, na kila nikisukuma ingezidi kuzama. Sekunde tatu. Miezi saba chini.

Nilikuwa nimejaribu vile vibao kitandani zaidi ya mara hamsini. Kila mara niliona vinasogea nikaridhika. Sikuwahi kuangalia vinasogea kuelekea wapi. Kurekebisha kulichukua sekunde kumi, ni kubadilisha mpangilio mmoja kwenye redio.

Nimelifikiria sana jambo hili. Chuo kilinipa cheti cha muhula bila mtu kuangalia kiungo changu hata kimoja cha waya. YouTube ilinifundisha kila kitu, lakini YouTube haiwezi kusimama nyuma ya mkia wa ndege yako ikakuuliza umeona nini. Sisi vijana tunapenda kujiita tuliojifunza wenyewe, na ni kweli mafunzo yako kila mahali, bando tu. Kinachokosekana ni mtu wa kukagua. Jicho la pili. Ndiyo maana mtaani kuna mafundi wa simu wazuri sana wanaorudia kosa lile lile miaka mitano, kwa sababu hakuna aliyewahi kusimama nyuma yao.

Kwa hivyo ombi langu si kwamba serikali ininunulie ndege. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini, vile tulivyozoea kuviita polytechnic. Vina meza. Vina vyuma vya kubania, mashine za kukatia, stima. Hivyo vinavyofungwa Ijumaa jioni, mbona visifunguliwe Jumamosi mbili kwa mwezi, mtu yeyote aje na redio yake, baiskeli yake, drai yake, na awepo fundi mmoja wa kusema "umeona nini"? Asihitaji kuwa amelipa karo. Asiulizwe cheti. Gharama ni mlinzi, stima na posho ya fundi. Tumeona pesa za kaunti zikienda kwa vitu vya ajabu kuliko hivyo.

Na nyinyi wazee wastaafu mliofanya kazi reli, simu, magari, viwanda, mnaokaa nyumbani mkilalamika vijana wa leo hawajui kushika nyundo: tuko hapa. Fungueni geti Jumamosi moja. Hatutaki pesa zenu.

Siku ile mzee aliirusha yeye kwanza, ndiyo desturi. Aliizungusha mara tatu akinyoosha vidhibiti, kisha akanipa redio bila kusema neno. Niliruka dakika nne. Kona mbili, nikaibingirisha mara moja, halafu duara moja la wima lililotoka na umbo la yai. Nilitua vibaya, propela ikavunjika na mguu mmoja wa gurudumu ukapinda. Mia sita hizo. Mikono ilitetemeka hadi nikashindwa kufungua chupa ya maji.

Kuna jamaa pale aliniambia atainunua 30,000, hapo hapo, M-Pesa. Kodi yangu ni 6,500, na dadangu bado nilikuwa namdai aibu yake. Nilifikiria kwa ukweli, sikukataa kwa maringo. Nikamwambia bado. Pengine siku moja nitauza. Lakini sitaki iwe kwamba hata hii nayo niliifanya kwa sababu ya bei.

Wiki mbili baadaye drai ya saluni ilikufa katikati ya mteja. Dadangu akaniita. Nilijua pa kuanzia: waya pale unapojikunja karibu na mpini, mzuri kwa nje, umekatika ndani. Nikaukata, nikaunga upya, ikawaka. Hakunilipa na sikumwitisha. Bado nina deni lake.

Mathe alikuja tena Jumapili iliyopita. Ndege sasa inaning'inia ukutani, kwa hivyo kitandani palikuwa na nafasi, akaketi. Akaniomba nimshushie aishike. Aliishangaa uzito wake, akaigeuza, akapitisha kidole pale nilipoziba shimo.

"Na ikianguka?"

"Nitaitengeneza."

Akanirudishia. "Haya. Chai iko?"